Kaye ya usiku wa New Hampshire

Tarehe 24 Januari 2024, saa nane kasoro usiku, mvua ilikuwa inapiga mabati ya nyumba yetu ya Katuba kwa nguvu kiasi kwamba yaya yangu alilazimika kuibana simu sikioni ili amsikie mtangazaji. (Kwetu Lubumbashi yaya ni ndugu mkubwa, awe mwanamume au mwanamke, wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam wasije wakadhani alinilea kwa mshahara.) Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Mezani palikuwa na taa ya sola, birika la chai lililotoka kwenye mbabula (jiko la makaa), mikate miwili, biki mbili, na kaye, yaani daftari, ya mistari ambamo tulikuwa tumeandika, kila mmoja upande wake wa ukurasa, namba zetu za uchaguzi wa mchujo wa jimbo la New Hampshire, kule Marekani.

Masharti ya kaye hiyo ni machache na hayajabadilika tangu tulipoanza. Namba huandikwa kabla vituo vya kwanza havijafungwa, yaani kabla ya saa nane usiku kwa saa zetu, na huandikwa kwa biki, si kwa kalamu ya risasi. Ya kwanza lazima iwe idadi ya watu watakaopiga kura. Ya pili ndiyo mgawanyo wa kura hizo kati ya wagombea. Hairuhusiwi kuandika ya pili huku ya kwanza ikiwa wazi. Atakayekuwa mbali zaidi na ukweli hununua thomson, yaani samaki, wa bukari (ugali) ya Jumapili, na bei ya thomson siku hizi si mzaha.

Yaya ndiye aliyeweka sharti hilo la namba ya kwanza. Amefundisha hesabu katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na kwa maoni yake mtu anayekuambia kwamba fulani atapata asilimia 55 bila kukuambia ni asilimia 55 ya watu wangapi hajakuambia kitu. Mwanzoni niliuona huo kuwa ugumu wa mwalimu tu. Siku hizi nakubaliana naye, ingawa ilinichukua miaka kadhaa na samaki wengi.

Nieleze kwanza mchujo wenyewe, kwa sababu hapa kwetu Kongo hatuuzoei. Vyama vyetu vingi huteua mgombea ndani ya ukumbi, wakubwa wakishapatana, nasi wananchi husikia jina likiwa limekwisha kuiva. Kule Marekani jina hupikwa mbele ya watu, jimbo baada ya jimbo, kuanzia Januari hadi Juni ya mwaka wa uchaguzi, na New Hampshire, jimbo dogo lenye wakazi wasiofika milioni moja na nusu, lina sheria yake inayodai kwamba mchujo wake utangulie wa majimbo mengine kwa siku zisizopungua saba. Ndiyo maana kila baada ya miaka minne macho ya dunia huelekezwa kwenye miji midogo yenye theluji, na ndiyo maana fundi wa simu na mwalimu mstaafu wa Katuba hukesha wakihesabu kura za watu ambao hawatawaona maishani.

Kubashiri mchujo ni kugumu kuliko kubashiri uchaguzi mkuu, na sababu si fumbo. Katika uchaguzi mkuu Mmarekani wa kawaida anajua chama chake na huwa habadiliki; ukijua mtaa wake, umekwisha kujua nusu ya jibu. Katika mchujo wote wanaoshindana ni wa nyumba moja, mpiga kura anaweza kuwapenda wawili au watatu kwa wakati mmoja, na wengi huamua siku za mwisho kabisa. Zaidi ya hayo, watu wanaokuja ni wachache na hubadilika kila mara, kwa hiyo kura za maoni zinapouliza watu elfu moja, swali la kwanza linalozitesa ni lipi kati ya majibu hayo elfu ni la mtu ambaye kweli atavaa koti na kutoka nyumbani.

Kaye yetu ilianza kwa kosa la namna hiyo, Januari 2008. Barack Obama alikuwa ameshinda jimbo la Iowa tarehe 3 (huko hufanya mikutano ya chama, si mchujo, ndiyo maana huweza kuitangulia New Hampshire), kura za maoni zikampa uongozi wa pointi kama nane huko New Hampshire, na hapa mjini hapakuwa na mtu aliyetaka kusikia jambo lingine, maana baba yake alikuwa Mkenya na sisi tulikuwa tumekwisha kumfanya shemeji. Taarifa zilipoanza kusema kwamba watu wamejaa vituoni kuliko wakati wowote uliopita, yaya alifunga hesabu papo hapo: watu wengi, basi ni vijana, vijana, basi ni Obama. Kulipokuwa kunapambazuka tarehe 9, Hillary Clinton ndiye aliyekuwa ametangazwa mshindi, kwa asilimia 39 dhidi ya 36 hivi. Wingi wa watu ulikuwa wa kweli, kwani Wademokrati peke yao walikuwa zaidi ya 280,000, ila wingi huo ulikuwa na sura ambayo yaya hakuiuliza. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura upande huo, karibu asilimia 57, walikuwa wanawake, na hao ambao huko Iowa walikuwa wameegemea upande wa Obama, huku walirudi kwa Clinton. Nao wapiga kura wasio na chama, ambao Obama aliwategemea, waligawanyika, kwa sababu John McCain alikuwa akiwavuta upande wa Warepublikan usiku uleule.

Tangu siku hiyo yaya hakubali neno "watu wengi" peke yake. Huuliza: wengi wa wapi, na wametoka mlango gani?

Hao wasio na chama ndio moyo wa jambo lote New Hampshire. Mtu akijiandikisha anaweza kujitaja kuwa Mrepublikan, au Mdemokrati, au asijitaje chochote, na hawa wasiojitaja ndio kundi kubwa kuliko yote mawili: kabla ya mchujo wa 2024 walikuwa karibu 340,000, wakati kila chama kilikuwa na watu zaidi ya 260,000. Siku ya kura huyo asiyejitaja huingia kituoni, huomba karatasi ya chama anachotaka siku hiyo, na akimaliza anaweza kurudi kuwa asiye na chama kabla hajatoka mlangoni. Isitoshe, mtu ambaye hakuwa ameandikishwa kabisa anaweza kuandikishwa siku ileile na kupiga kura. Sasa niambie asilimia ya waliojitokeza utaipata kwa kugawanya na nini. Ukigawanya na Warepublikan walioandikishwa, utapata asilimia inayopita mia moja. Ndiyo sababu wanaojua kazi hiyo kule hawasemi asilimia. Hutaja idadi ya karatasi za kura, basi.

Na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuitaja idadi hiyo mapema, hadharani. Katibu wa jimbo la New Hampshire, ambaye ndiye anayesimamia uchaguzi, ana desturi ya kutoa makadirio yake kabla ya siku ya kura. Bill Gardner, aliyeshika kiti hicho tangu 1976 hadi 2022, alisema mwaka 2020 kwamba zitapigwa kura 292,000 upande wa Wademokrati na 128,000 upande wa Warepublikan. Zikaja karibu 300,000 na zaidi ya 150,000. Mrithi wake, David Scanlan, alitangaza kwa ajili ya Januari 2024 kwamba Warepublikan watapiga kura 322,000 na Wademokrati 88,000. Mimi navutiwa sana na desturi hii. Afisa anayehesabu kura anajifunga mwenyewe kwa namba kabla ya kuzihesabu, na baadaye kila mwenye kaye anaweza kumpima.

Yaya aliona kwamba ni haramu kutumia namba za katibu, kwani hiyo ni sawa na kunakili kwa jirani mtihanini. Tukatafuta zetu.

Mimi nilianza na mwaka uliofanana. Joe Biden alikuwa madarakani na hapakuwa na ushindani wa maana upande wake, kwa hiyo nilikwenda 2012, wakati Obama alipokuwa madarakani vilevile: Warepublikan walipiga kura 248,000 hivi na Wademokrati kama 60,000. Nikaongeza kidogo kwa sababu jimbo limekua na Donald Trump huwatoa watu majumbani, wanaompenda na wanaomchukia. Nilikuwa nakaribia 310,000. Kisha nikakumbuka Iowa. Siku nane tu kabla, tarehe 15 Januari, watu kama 110,000 walikuwa wamehudhuria mikutano ya Warepublikan huko, wakati 2016 walizidi 180,000, na kila mtu alikuwa akizungumzia baridi kali na uchovu. Niliogopa. Nikaandika 295,000 kwa Warepublikan na 70,000 kwa Wademokrati.

Yaya alitazama upande wangu wa ukurasa, akacheka kwa pua. "Mdogo wangu," akaniambia, "Iowa wanakwenda kwenye mkutano. Wanaingia usiku, wanakaa, wanasikiliza hotuba, ndipo wanapiga kura. Hawa wa New Hampshire wanapita mchana kutwa, dakika tano, wanarudi kazini. Huwezi kupima kilio kwa watu wa harusi." Halafu akaeleza hesabu yake. Mwaka 2016 pande zote mbili zilikuwa na mashindano makali, wasio na chama wakagawanyika, na bado Warepublikan walipita 280,000. Safari hii upande mmoja haukuwa na mchezo wa kutazama. Hao wasio na chama wangekwenda wapi kama si kwa Trump na Nikki Haley? Akaandika 330,000. Kwa Wademokrati aliandika 60,000, akakunja mikono.

Kwa matokeo yenyewe, tulilazimika kuwagawa yatima. Chris Christie, mgombea mwingine wa Warepublikan, alikuwa amejitoa tarehe 10 Januari, na kwa kuwa kampeni yake yote ilikuwa ya kumpinga Trump, watu wake walikuwa wa Haley bila shaka kubwa. Mwenzao Ron DeSantis alijitoa tarehe 21, siku mbili tu kabla ya kura, akamuunga mkono Trump, na wengi wa watu wake walielekea huko. Kura za maoni za mwisho zilimweka Trump mbele kwa pointi kumi na kadhaa, baadhi yake karibu ishirini. Yaya alizifuata: Trump 61, Haley 36. Mimi niliandika 56 kwa 42, kwa sababu moja tu, nayo niliiazima kwenye hoja ya yaya mwenyewe: kama kweli watakuja watu 330,000, basi waliozidi si Warepublikan wa siku zote, ni wale wasio na chama, na hao si wa Trump. Yeye alikuwa ameandika namba mbili zisizosalimiana, kwa sababu umati mkubwa namna ile haungeweza kuleta pengo la pointi 25. Mimi nami nilikuwa nimeandika mbili zinazogombana kwa upande mwingine, idadi ndogo na pengo dogo. Hakuna aliyeligundua hilo kabla ya kesho yake.

Asubuhi ya tarehe 23 tulikuwa tumekwisha kupata matokeo ya kwanza. Kijiji cha Dixville Notch hupiga kura usiku wa manane kwa saa zao, ambao kwetu ni saa moja asubuhi, na kabla sijafungua kibanda changu nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba Haley amepata kura zote: sita kwa sita. Ni desturi nzuri ya kupigwa picha, lakini haina hata chembe ya habari ndani yake. Nilipoisoma nilikumbuka Desemba yetu, wakati tume ya uchaguzi ya hapa, CENI, ilipoanza kutoa matokeo ya kura ya tarehe 20 Desemba 2023 kwa kutanguliza Wakongomani wa Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa, ambao walikuwa wanapiga kura kwa mara ya kwanza. Watu wazima walikaa mbele ya televisheni wakichora mistari kutokana na idadi ya watu ambayo isingejaza soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi.

Vituo vingi vya New Hampshire hufungwa saa nane usiku kwa saa zetu, na vichache saa tisa. Hiyo saa moja ya katikati ndiyo tamu kuliko zote. Matokeo ya miji iliyofunga mapema huanza kutiririka, na haramu kubwa ni kuyajumlisha tu na kuutazama uwiano wake, kwa maana Hanover, wenye chuo kikuu cha Dartmouth, hauwezi kukuambia lolote juu ya Berlin, mji wa kaskazini ulioishi kwa viwanda vya karatasi. Tunachofanya ni kuupima kila mji kwa kivuli chake wenyewe. Tuseme mji fulani ulimpa Trump asilimia 40 mwaka 2016, wakati jimbo zima lilimpa 35: mji huo unasimama pointi tano juu ya jimbo. Ukimpa 60 usiku huu, jimbo huenda liko karibu na 55. Mji mmoja hukudanganya, mitano hukunong'oneza, kumi na tano huanza kusema wazi, mradi isiwe yote ya aina moja. Taabu yake ni kwamba vivuli havikai pale vilipokuwa: miji ya wasomi ilikuwa imemhama Trump zaidi tangu 2016 na miji ya vibarua imemsogelea, kwa hiyo kipimo cha zamani kilikosea chini huku na juu kule. Tulipata miji tisa kabla ya saa tisa. Wastani wangu ulisema 54, wa yaya ulisema 57, kwa kuwa yeye alikataa kuihesabu Hanover. Aliiita "mji wa maprofesa".

Saa tisa kamili, dakika ileile vituo vya mwisho vilipofungwa, shirika la habari la Associated Press lilimtangaza Trump mshindi.

Jirani yetu aliyekuja kukesha nasi kwa sababu ya chai aliona hiyo ni njama. Wanamtangazaje mtu na kura bado zimo masandukuni? Nami nadhani hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Shirika hilo halibashiri. Hungoja hadi lisione tena njia yoyote ambayo wa nyuma anaweza kumfikia wa mbele, ndipo hutangaza. Lilikuwa na mahojiano ya wapiga kura wa siku nzima, na lilikuwa na kura za miji iliyofunga saa moja kabla. Mahojiano yaliyotolewa usiku ule yalionyesha kwamba kati ya walioandikishwa kuwa Warepublikan, karibu watatu kwa kila wanne walimchagua Trump. Kwa wasio na chama Haley aliongoza waziwazi. Ili Haley ashinde, wasio na chama wangepaswa kuwazidi Warepublikan kwa mbali sana kituoni, na hawakuwazidi. Mshindi alijulikana kwa kujua ni nani waliokuja, kabla ya kujua kila mmoja aliandika nini.

Nikamwambia jirani kwamba aliyeshinda ni nusu ya kaye tu, na kwamba ubishi wetu ndio kwanza unaanza. Akaenda kulala.

Kuna kitu kimoja kwenye kurasa za matokeo ambacho ningependa kila anayezifuata akiangalie kwa jicho la wasiwasi, nacho ni ile asilimia inayosema ni kiasi gani cha kura kimekwisha kuhesabiwa. Watu huisoma kana kwamba ni kipimo cha mafuta kwenye gari. Ukweli ni kwamba tangi lenyewe halijulikani lina ukubwa gani. Walichonacho ni kura zilizohesabiwa. Wanazigawanya na kura wanazozitarajia, na hizo zinazotarajiwa ni ubashiri kama wangu na wa yaya, ingawa wao wana kompyuta na wataalamu. Kukija watu wengi kuliko walivyodhani, asilimia hiyo husimama au hata kurudi nyuma huku kura zikizidi kuongezeka. Mimi nilianguka katika shimo hilohilo kwa mkono wangu mwenyewe: kura zilipoikaribia 295,000 yangu niliandika pembeni "imekwisha", nikavuta blanketi. Nilipoamka zilikuwa zimeipita. Mwishoni zilifika zaidi ya 320,000, nyingi kuliko mchujo wowote wa Warepublikan uliopata kufanyika jimboni humo, Trump akiwa na asilimia 54 hivi na Haley 43 hivi. Scanlan alikuwa ameikosa idadi kwa elfu chache mno. Yaya alikosea idadi kidogo na mgawanyo sana. Mimi kinyume chake.

Upande wa Wademokrati sote wawili tulipaswa kufukuzwa shule. Jina la Biden halikuwemo kwenye karatasi, kwa sababu chama chake kiliamua kwamba South Carolina itangulie, New Hampshire ikakataa kuivunja sheria yake, na Biden akakaa mbali. Tulidhani mtu asiyekuwemo kwenye karatasi hawezi kuleta watu. Lakini walikuwapo waliofanya kampeni ya kuwaambia watu waliandike jina lake kwa mkono, na zaidi ya watu 120,000 walipiga kura upande huo, karibu asilimia 64 wakiwa wameandika Biden, huku Dean Phillips aliyekuwa amechapishwa kwenye karatasi akipata chini ya 20. Makadirio ya katibu mwenyewe, 88,000, yalipitwa kwa zaidi ya theluthi. Kila jina lililoandikwa lilibidi lisomwe na jicho la mtu. Mwaka 2012 haukuwa na watu wanaobishana na chama chao wenyewe kwa kalamu, na mimi niliuchukua kama ulivyo.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza kwa nini napoteza usingizi kwa ajili ya theluji ya wengine, siku tatu tu baada ya Rais Tshisekedi kuapishwa Kinshasa. Jibu langu ni kwamba kaye hiyohiyo ina kurasa za Desemba. Usiku wa kura yetu, na siku iliyofuata, kwa kuwa mahali nilipopigia kura palifunguliwa kwa kuchelewa mno na sikuwa peke yangu, tulizunguka na tochi ya simu tukinakili karatasi za matokeo zilizobandikwa kwenye milango ya madarasa. Mlango mmoja ulikuwa umelowa hadi wino ukawa kama chai. Tulinakili milango kumi na minne, tukakaa kuitafutia vivuli vyake vya 2018, na hatukupata hata kimoja: uandikishaji ulikuwa umeanza upya tangu Desemba 2022, orodha ni nyingine, vyumba ni vingine. Katika milango yetu Moïse Katumbi, gavana wetu wa zamani, alikuwa na nguvu, na mtu ambaye angeisoma Kongo nzima kutoka Katuba angeamini mambo ambayo hayakutokea. CENI ilimpa asilimia 18 hivi na Tshisekedi zaidi ya 73. Walioandikishwa na kujitokeza nchi nzima walikuwa karibu asilimia 43. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikaa moyoni, na ndiyo iliyozungumzwa kidogo kuliko zote.

Yaya hukumbuka 2011 zaidi. Mwaka huo waangalizi wa Carter Center walitaja sehemu za Katanga yetu ambako walioandikishwa walijitokeza kwa asilimia 99 hadi 100, na karibu kura zote zikaenda kwa Rais Kabila. Alipokuwa bado anafundisha, aliiandika ubaoni kama zoezi: darasa lina wanafunzi hamsini, ni siku ngapi katika mwaka wote hamsini walikuwapo? Wanafunzi walicheka. Hawakuhitaji kuelezwa kwamba hata kabla hujatazama mshindi, idadi ya waliokuja inaweza kukuonyesha kwamba karatasi inasema uongo.

Tarehe 24 Februari tuliifungua kaye tena kwa ajili ya Warepublikan wa South Carolina. Huko watu hawaandikishwi kwa chama hata kidogo, mtu yeyote anaweza kuingia upande wowote, ila si pande zote mbili, na Wademokrati walikuwa wamekwisha kupiga kura yao tarehe 3, watu kama 131,000 tu, Biden akichukua asilimia 96. Hao walikuwa wamefungiwa nje. Waliobaki huru walikuwa wengi mno. Rekodi ya 2016 ilikuwa karibu 740,000. Haley alikuwa gavana wa jimbo hilo kuanzia 2011 hadi 2017, na yaya, akiwaza ya Katumbi na Lubumbashi, alidhani nyumbani kutamkumbuka. Aliandika 700,000, Trump 56, Haley 43. Mimi niliandika 770,000, Trump 61, Haley 38, na safari hii nilizitazama namba zangu mara mbili ili nihakikishe zinasalimiana.

Vituo vilifungwa saa nane kamili kwa saa zetu na mshindi alitangazwa papo hapo. Hata chai haikuwa imemiminwa. Yaya alitaka tuzime taa. Nilimkumbusha sharti lake, kwamba namba ya kwanza haijajibiwa, tukakaa. Ilipofika karibu 757,000, Trump akiwa na 59.8 na Haley 39.5, aliichukua biki akaandika chini ya ukurasa wake, kwa mwandiko ule wa ubaoni, "thomson: wawili, wakubwa", akatia saini na tarehe.

Jumapili alileta mmoja. Wa pili, anasema, ni wa Wademokrati wa New Hampshire, ambako mimi naye tulikosea sawasawa.